Jicho la Farasi Chini ya Tanuri

Sururu ilikuwa ikigonga tangu alfajiri, mahali fulani chini ya ardhi, na mtaa ulikwisha kuizoea kama mke anavyozoea kikohozi cha mumewe. Du, du, du. Kisha ikagonga kitu kingine. Mlio ulikuwa mwembamba na mkavu, kama kijiko kikigusa jino. Halafu kimya.

Catello Amitrano akashusha kikombe chake cha kahawa.

Pale Torre Annunziata, mji uliokaa juu ya makaburi ya Warumi waliofunikwa na mlima wa moto, sururu ikinyamaza kabla ya chakula cha mchana sababu ni mbili tu. Ama mchimbaji amekufa, ama amekutana na waliokufa zamani. Catello akasubiri kilio cha wanawake. Hakikuja. Badala yake akasikia ufagio ukifagia kwa pupa, gunia likiburutwa, na mlango wa bati wa duka la mikate la Bi Carmelina Vollaro ukishushwa mpaka chini, asubuhi kweupe, na foleni ya wateja ingali nje.

"Aniello," akasema, "umesikia?"

Aniello alikuwa binamu yake, jitu kubwa, pole, lenye njaa isiyojua likizo. "Nimesikia. Kafunga. Sasa tutakula nini?"

"Utakula keki, ndugu yangu, mpaka uzikimbie."

Catello alikuwa na miaka thelathini na mitano, na katika miaka hiyo hakuwahi kushika kifaa kizito kuliko sigara. Kazi yake ilikuwa kuwaliwaza wageni waliotoka kutazama magofu ya Pompei wakiwa na jua kichwani na huzuni moyoni. Aliwauzia taa za watumwa, vidole vya miungu, na vipande vya sakafu za vijiwe vilivyotengenezwa na fundi mmoja wa Portici mwenye watoto wengi. Alimwuzia Mdenmark mmoja mlango wa hekalu, na kwa kuwa Mdenmark alikuwa mtu mwema, akamwuzia na hekalu lenyewe, akamwambia litafuata kwa meli.

Aibu hakuwa nayo, ila alikuwa na mke, na mke ndiye aliyekuwa na aibu kwa niaba ya wote wawili. Rosalba alikwisha kuondoka tangu majira ya kuchipua, akaenda kwa mama yake Boscotrecase, mlimani. Hakuondoka kwa sababu ya mwanamke mwingine wala pombe. Hayo, alisema, angeyasamehe, kwa kuwa hata baba yake alikuwa nayo. Alichoka kujificha nyuma ya mafungu yake ya biringanya kila askari alipopita sokoni.

"Siku nitakayoiona kazi mikononi mwako, hata moja, nitarudi," alimwambia akiwa mlangoni na sanduku lake. "Sitaki fedha, Catello. Kazi."

Sasa kaka yake Rosalba alikuwa amempatia kibarua kiwandani Torino, kaskazini ya mbali, kushona viti vya magari. Yeye na mama yake wangepanda treni baada ya sikukuu ya Bikira Maria wa Theluji, ambaye mji huu wenye joto la tanuri umemchagua kuwa mlinzi wake bila kumwuliza. Aendaye Torino harudi. Catello alilijua hilo vizuri, na usiku alilala upande mmoja wa kitanda akiuacha upande mwingine wazi. Lakini neno "kazi" halikuwa na pa kukaa kichwani mwake, kwa hiyo alilisikia kama "fedha nyingi zaidi". Mpango wake ulikuwa kufika siku ya sikukuu akiendesha gari. Alijiambia kwamba hakuna mwanamke anayekagua mikono iliyoshika usukani.

Mlango wa pembeni wa duka ukafunguka, akatoka kibarua aliyekuwa akichimba, anapiga mluzi.

"Mbona mapema, kaka?" Catello akamwuliza.

"Bi Carmelina kanilipa siku nzima. Kasema nisirudi."

Catello akasimama. Huyu Bi Carmelina, siku ya mazishi ya mumewe, alizima mishumaa miwili ya pembeni akisema jua linatosha. Mtu wa namna hiyo halipi siku nzima kwa kazi ya nusu siku mpaka awe na kitu cha kuficha.

Na hapa pana sheria ambayo Catello aliiamini kuliko Amri Kumi, maana Amri Kumi alizisikia kwa padri, hii aliigundua mwenyewe. Kwetu, mtu akikuonyesha kitu cha kale, ni cha bandia. Mtu akikificha, ni cha kweli. Sababu anaijua kila mtoto: ukiokota mtungi wa Kirumi chini ya nyumba yako na serikali ikasikia, wanakuja mabwana wenye miwani, wanafunga kamba, wanakushukuru, na nyumba huioni tena. Mzee Zì Luca alikuta ukuta wenye picha chini ya choo chake. Mpaka leo anakwenda kujisaidia kwa jirani, na jirani kaanza kununa. Ndiyo maana watu wa pale, wakigongana na mababu, humwaga saruji haraka na kusali sala fupi.

Catello akazunguka, akagonga mlango wa pembeni.

"Tumefunga," ikajibu sauti ya Bi Carmelina.

"Ni mimi, shangazi. Catello."

"Basi tumefunga zaidi."

Lakini alifungua kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake Catello aliona mfuko wa saruji, mpya, umekwisha kufunguliwa mdomo.

"Nasikia unachimba, shangazi."

"Stoo ya unga. Panya wamenimaliza huku juu."

"Mbona mmeacha?"

"Mgongo wa fundi."

"Fundi katoka anapiga mluzi."

"Anapiga mluzi kwa maumivu. Kwenu hamna adabu, mnatazama watu migongo?"

Catello akapunguza sauti, akavaa uso aliouhifadhi kwa wajane. "Shangazi, mimi sikuja kukuchimba. Nimekuja kukuokoa. Nina rafiki pale ofisi ya mambo ya kale. Ameniambia kuna mtu kawapelekea habari kwamba chini ya tanuri lako pamelia." Hakuwa na rafiki katika ofisi yoyote, na sururu ilikuwa imenyamaza sasa hivi tu, hata kahawa yake haijapoa, lakini maneno yalitoka laini kama siagi.

Bi Carmelina akashika mlango. Midomo ikamcheza. "Watanifungia tanuri?"

"Tanuri, duka, na hiki chumba unacholala. Kamwulize Mzee Zì Luca."

Mjane akaketi juu ya gunia na kulia. Alilia vizuri sana. Catello, ambaye mwenyewe alikuwa stadi wa machozi, hakuona kasoro.

Mwishowe akamshusha chini kwa ngazi ya miti. Shimo lilikuwa dogo, kama la mtu kuzikia punda. Pembeni, chini ya gunia tupu, Bi Carmelina akafunua kitu, akageuza uso kana kwamba anamwonyesha mumewe akiwa uchi.

Lilikuwa jicho la farasi. Jicho kubwa lililotanuka kwa hofu, la vijiwe vyeusi na vyeupe vidogo kama punje za mchele. Juu yake mkono wa mtu ulionyooshwa, umefunguka vidole, na nyuma ya mkono mikuki, mirefu, imelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Vyote vilikuwa vimefifia na kuingia weusi wa miaka.

Picha hii anaijua kila aliyesoma darasa la tatu Napoli, maana walimu huwapeleka watoto kuitazama kwenye jumba la makumbusho na kuwapiga makofi wakigusa. Ni vita vya Aleksanda na Dario. Dario, mfalme wa Uajemi, yuko juu ya gari la farasi, kashtuka, kanyoosha mkono kana kwamba ataomba vita visimame kidogo. Na kijana wa Makedonia anamjia bila kofia. Sakafu ile ya makumbusho ina pengo kubwa upande wa Aleksanda. Jeshi lake limebomoka na wakati. Kama Warumi walitengeneza nyingine, na kama hii hapa ni nzima…

Gari lake likageuka kuwa magari mawili, na dereva.

"Ni nini, mwanangu?" akauliza Bi Carmelina. "Ni kibaya?"

"Ni kibaya sana, shangazi. Wakikiona hiki wanafunga mtaa mzima." Akapiga ishara ya msalaba. "Usimwage saruji. Saruji wanainusa. Mimi na Aniello tutakiondoa chote, kimya kimya, tukakitupe baharini. Bure. Kwa heshima ya marehemu."

Mjane akafuta machozi. "Chote? Maana sijui kinaishia wapi. Marehemu aliwahi kuniambia sakafu inakwenda mpaka chini ya ukuta ule kule, nayo inateremka."

"Inateremka?"

"Mlima wa moto si uliitikisa? Yeye alisema inateremka."

"Basi tutaifuata inakoteremka," akasema Catello.

Wakaanza kesho yake, saa za kulala mchana, wakati jua linapowafungia watu wote madirisha na hata mbwa hawabweki bila sababu. Mtaa mzima ulikoroma. Chini ya tanuri wanaume wawili walichimba majivu ya mlima wa moto yaliyoganda kama mkate wa jana. Jicho la farasi waliliacha mahali pake, limefunikwa gunia. Catello hakutaka likatwe vipande. Kwanza lazima waipate sakafu nzima.

Siku ya kwanza mikono yake ilitoa malengelenge. Siku ya pili malengelenge yakapasuka. Aliifunga kwa vitambaa, akaendelea. Alikwisha kuahidiwa na nafsi yake.

Bi Carmelina hakuwaacha peke yao. Aliwaletea mkate uliobaki na supu ya maharage, na kila siku alikuwa na wasiwasi mmoja.

"Wanangu, pembeni mnyooshe. Mkichimba ovyo tanuri litaniangukia."

Wakanyoosha.

"Wanangu, ile ngazi ya miti itamvunja mtu shingo. Chongeni vidato kwenye udongo."

Wakachonga vidato.

"Wanangu, mnainama kama waliolaaniwa. Chimbeni mpaka Aniello asimame wima, nisije nikawa na dhambi ya migongo yenu."

Aniello akawa kipimo. Alisimama katikati huku Catello akichimba kumzunguka.

"Catello," akasema Aniello siku moja, akiwa amekaa juu ya kidato na mkate mdomoni, "mbona shimo la wizi lina kona za mraba?"

"Tanuri lisianguke."

"Na vile vishubaka ukutani?"

"Vya kuwekea taa."

"Vyote kumi?"

"Aniello, wewe ndiyo sababu ukoo wetu haujapata daktari. Chimba."

Udongo ulitolewa ndani ya magunia ya unga, ukapakiwa mkokoteni wa duka, ukapelekwa kwenye shamba la nyanya la shemeji yake Bi Carmelina, ambaye aliupokea bila kuuliza swali hata moja na kuutandaza vizuri. Mbao za kushikilia dari zilihitajika. Mjane akaonyesha mifuko ya aproni yake, yote miwili, mitupu. Catello akauza pikipiki yake ya Vespa. Aliiita mtaji. Chokaa nayo ilihitajika, maana Bi Carmelina aliona heri kuta zipakwe nyeupe ili ufa ukitokea uonekane mapema. Catello akauza na redio.

Sakafu ya Aleksanda haikutokea. Kila siku ilikuwa hatua moja mbele, chini kidogo, upande ule wa ukuta. Walipata mfupa, ukawa wa nguruwe. Walipata sarafu, ikawa ya juzi. Walakini Catello alichimba kwa hasira ya mtu anayeidai historia, na jioni alipokwenda kuosha uso bombani, watu walimsalimia tofauti. Hakujua kwa nini. Alikuwa ananuka jasho, harufu ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake.

Mkesha wa sikukuu walifika kwenye ukuta wa mwisho. Nyuma yake kulikuwa na mwamba wa lava, mweusi, hauna hata jibu.

"Imekwisha," akasema Aniello.

"Haijaisha. Bado lile jicho. Hata jicho peke yake, Mswisi yeyote atalinunua." Rosalba alikuwa anashuka mlimani siku hiyo na mama yake kwa ajili ya sikukuu, na treni ya Torino ilikuwa ya kesho kutwa. "Ling'oe. Polepole."

Aniello akaingiza vidole chini ya ukingo, akavuta. Alikaza misuli kama mtu anayeng'oa nchi, akaanguka chali. Jicho la farasi lilikuwa limetoka kama mkate kwenye sinia, zima, la mraba, lisilozidi dirisha dogo. Akaligeuza. Nyuma yake lilikuwa na saruji ya kijivu, safi, na katikati ya saruji kitanzi cha waya.

Aniello akauvuta ule waya. "Catello. Watu wa zamani walikuwa wanatundika sakafu?"

Catello aliutambua ule waya. Fundi wa Portici aliusokota hivyo, mara tatu kwenda kushoto, kwa sababu kidole chake kimoja hakikupinda. Catello alikwisha kuuza vipande kama hivyo zaidi ya vile angeweza kukumbuka, vyote vikiwa vimefungwa ndani ya magazeti, maana mwuzaji hana haja ya kutazama bidhaa. Akatazama kuta nyeupe, vidato, vishubaka kumi vilivyokaa kwa mstari, dari iliyoshikiliwa na Vespa yake. Ilikuwa stoo nzuri. Hakuna panya angeingia.

Alipanda juu akiwa na jicho la farasi kwapani. Duka lilijaa wanawake waliokuja kuchukua mikate ya sikukuu, na Bi Carmelina alikuwa nyuma ya meza akipima.

"Nataka kuzungumza na wewe," Catello akamwambia kwa sauti ya chini. "Huko nyuma."

"Zungumza hapa hapa, mwanangu. Mikono yangu ina unga."

Akamwekea kile kipande mezani, waya juu. Bi Carmelina akakifuta vumbi kwa aproni, kwa upole.

"Ulimwuzia marehemu mume wangu," akasema, naye kwa sauti ya chini, huku akiendelea kupima. "Mwaka wa harusi yetu. Ulimwambia kimetoka chumbani kwa Kaisari. Alitoa akiba yake yote, akakitundika juu ya tanuri, akawa anakitazama akikanda. Mpaka anakufa aliamini. Mimi nimekizika tu, na kibarua nikamlipa akigonge ukisikia. Moshi wa miaka kumi na tano umekifanya kipendeze, sivyo?"

"Nitakwenda ofisini," Catello akanong'ona. "Nitasema umechimba stoo bila kibali."

"Nenda. Watauliza nani kachimba. Waonyeshe mikono."

Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, Catello Amitrano alikuwa na mdomo wazi na hakuna kilichotoka. Na ndipo nyuma yake sauti aliyoisikia ndotoni miezi yote ile ikasema:

"Catello? Umefanya nini? Mbona mweupe hivyo?"

Rosalba alikuwa amesimama mlangoni na mama yake. Alivaa gauni la safari. Catello alikuwa na chokaa kichwani, majivu shingoni, viatu vilivyopasuka. Hakukuwa na gari popote.

"Hujui?" Bi Carmelina akapaza sauti, duka zima likageuka. "Mumeo kanichimbia stoo, binti yangu. Yeye na binamu yake, kwa mikono yao, jua la saa nane, watu wote wamelala. Mimi mjane sina kitu. Sijatoa hata lira moja. Mbao kanunua yeye. Chokaa kanunua yeye. Kauza Vespa."

"Na redio," akasema Aniello kutoka kwenye ngazi.

Wanawake wakanung'unika kama kanisani. Mmoja akamgusa Catello begani, akabusu vidole vyake mwenyewe.

Rosalba alimjua mumewe. Alisogea taratibu, kama anayemwendea mbwa aliyewahi kumuuma, akaushika mkono wake wa kulia, akaugeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya kiganja. Sugu zilikuwa nne, ngumu, za njano, moja imepasuka na kufunga. Akazirudia tena. Mtu hawezi kununua hizo Portici.

"Ni kweli?" akauliza. "Umechimba? Bila malipo?"

Sasa, mtu huyu alikuwa amewaambia watu uongo katika lugha tano, mbili kati ya hizo akiwa hazijui. Angeweza kumweleza jinsi alivyodhulumiwa, akapata huruma ya mtu mmoja na kupoteza mke. Angeweza kutunga. Lakini hapakuwa na cha kutunga, na ugeni wa jambo hilo ulimfanya aone kizunguzungu.

"Kweli," akasema. "Nimechimba. Bila malipo."

Lilikuwa neno la kweli la kwanza alilowahi kumwambia, na lilimuuma kuliko uongo wote. Rosalba akauinamia ule mkono. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa, na mama yake, ambaye tayari alikuwa ameshika tiketi za treni kama upanga, akazirudisha mkobani pole pole.

"Ila nisije nikasikia ilikuwa moja tu," akasema Rosalba. "Kazi moja hata paka anafanya."

"Hata kidogo," akasema Bi Carmelina, akifunga mkate kwenye karatasi. "Si ameniambia mwenyewe? Dada yangu wa Boscoreale, mjane naye, kisima chake kimekauka. Kinataka kuteremshwa kama mita kumi, kwenye lava. Catello kasema ataanza Jumatatu. Au nilisikia vibaya, mwanangu?"

Aniello akakaa chini juu ya kidato. Catello akamtazama mjane, na mjane akamtazama kwa macho matulivu ya mtu aliyekuwa na miaka kumi na tano ya kufikiri mbele ya moto. Rosalba hakuwa ameuachia mkono wake. Kidole chake kilikuwa kimetulia pale pale, juu ya ile sugu iliyopasuka, kinasubiri.

Catello akameza mate yenye ladha ya chokaa.

"Hukusikia vibaya, shangazi," akasema, na akamgeukia mkewe ili asikie vizuri. "Nakuahidi, Rosalba, mbele ya wanawake hawa wote na Bikira wao. Jumatatu asubuhi nitakuwa Boscoreale, na sitatoka kwenye hicho kisima mpaka nipate maji."